Bunduki za vita vya zamani: thamani yake inahesabiwaje?

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu kutoka Lindi na Mtwara zinauliza jambo moja: bunduki ya zamani ya kijeshi, iwe imerithiwa au imeokotwa, ina thamani gani? Kwa kusini si swali la ajabu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Machi 1916, meli ya Kijerumani Marie ilitia nanga Ghuba ya Sudi na kushusha silaha na risasi. Oktoba 1917 Mahiwa palikuwa na mapigano makali ya siku nne, na Novemba mwaka huohuo Wajerumani na askari wao wakavuka Ruvuma. Baadaye zikaja bunduki za Kiingereza za .303 za wawindaji, za mashamba ya wazungu na za walinzi. Barua tumezifupisha, na majina tumeyaacha.

Shikamooni. Babu yetu alifariki akaacha bunduki ya .303 yenye leseni. Upande wa kulia, pale chuma kinapoungana na kitako, pana taji, herufi GR, halafu B.S.A. Co., 1917, na ShtLE III*. Mmoja anatuambia ina thamani ya milioni kumi, mwingine anasema ni chuma chakavu. Tumsikilize nani? (Masasi)

Marahaba. Msimsikilize yeyote hadi bunduki yenyewe isomwe. Ila karatasi zitangulie. Leseni ya babu haikurithiwa pamoja na bunduki. Kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, silaha ni ya mtu mwenye leseni, na mtu huyo akifariki familia haina ruhusa ya kuiweka uvunguni ikisubiri mirathi. Itoeni taarifa kituo cha polisi, ihifadhiwe huko, msimamizi wa mirathi apatikane mahakamani, kisha mrithi anayeitaka aombe leseni kwa jina lake. Bunduki isiyo na karatasi haiuziki kihalali nchini, na hesabu yote tunayoieleza hapa chini haitakuwa na maana kwake.

Sasa bunduki. Maandishi mliyoyataja yanaeleza karibu kila kitu. GR ni King George, B.S.A. ni kiwanda cha Birmingham, 1917 ni mwaka wa kutengenezwa, na ShtLE III* ni Lee-Enfield fupi ya aina ya tatu, bunduki ya jeshi la Uingereza. Nyota ile haimaanishi ubora. Ni alama kwamba kazi ilirahisishwa wakati wa vita: kibati cha kuzuia risasi za magazini kiliondolewa, na vilengeo vya pembeni vya kupiga mbali vikaondolewa pia. Kwa hiyo bunduki yenu ni ya aina iliyotengenezwa kwa wingi mno. Upekee haumo, na bei yake itategemea hali iliyonayo.

Mkaguzi mwenye leseni, au fundi aliyesajiliwa, aanze kwa kutoa magazini, kufungua bolti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu), kutazama ndani ya chemba (pale risasi inapokaa) na kupapasa kwa kidole kidogo. Asiamini neno "haina kitu". Baada ya hapo aangalie mambo haya kwa mpangilio.

Namba. Kwenye Lee-Enfield ya aina hii namba ileile hupigwa kwenye mwili wa bunduki, kwenye mtutu, nyuma ya mkono wa bolti, chini ya bati la kilengeo cha nyuma, kwenye kofia ya chuma ya mdomoni na kwenye mbao ya mbele. Zikilingana zote, mnayo bunduki nzima. Iliyo muhimu zaidi ni ya bolti. Bolti ya namba nyingine inashusha bei, na si bei tu: nafasi kati ya bolti na kitako cha risasi inaweza kuwa imepanuka, ganda likapasuka na gesi ikamrudia mpigaji usoni. Kama namba ya zamani imefutwa kwa mstari na mpya ikapigwa kando yake kwa mkono wa jeshi, hilo ni tengenezo la ghala la silaha, na wakusanyaji hulichukulia kwa upole. Namba iliyosagwa kwa tupa ni jambo jingine kabisa. Hapo bei imekufa, na polisi nao watakuwa na maswali.

Mbao. Bunduki kamili ya aina hii imevikwa mbao hadi karibu na mdomo wa mtutu, na mbele kuna kofia ya chuma yenye kishikio cha singe. Kama mbao inaishia katikati na mtutu uko uchi, bunduki ilikatwa ikawa ya kuwindia. Huku kusini .303 nyingi ziko hivyo, na hakuna jambo moja linaloangusha bei zaidi ya hilo. Kabla ya kukata tamaa pimeni mtutu: bolti ikiwa imefungwa juu ya chemba tupu, fundi aingize fimbo nyembamba ya mbao kupitia mdomoni mpaka iguse uso wa bolti, aweke alama, kisha apime. Mtutu kamili ni takriban milimita 640. Ukiwa mzima, mbao zinaweza kutafutwa na bunduki ikarudishiwa umbo lake. Ukiwa umekatwa, acheni wazo hilo, kwa sababu gharama itazidi bei.

Mtutu kwa ndani. Wekeni karatasi nyeupe upande wa chemba, mulikeni kwa tochi, na mtazame kutoka mdomoni. Michirizi mitano inayozunguka kushoto ionekane kwa kingo zake. Ukungu wa kijivu ni kutu ya juujuu. Vishimo vyeusi ni kutu iliyokula. Fundi mwenye vipimo atakuta takriban milimita 7.70 juu ya matuta na 7.90 ndani ya michirizi kama mtutu ni mzuri. Mdomo ukiwa na umbo la yai, mara nyingi si kwa kupiga sana, bali kwa miaka mingi ya kuvuta kamba ya kusafishia kwa upande mmoja. Tahadhari moja: kwenye Lee-Enfield za Vita Kuu ya Pili, zile za No. 4, mtaikuta mitutu yenye michirizi miwili tu. Ilitengenezwa hivyo kuharakisha kazi. Haijachakaa.

Rangi ya chuma na ya mbao. Chuma kilichofifia kwa kushikwa miaka mia ni kizuri kuliko chuma kilichosuguliwa kikang'aa kama kijiko. Herufi zenye kingo butu, zilizozama nusu, zinaonyesha msasa ulipita. Mbao nayo ikipigwa msasa huwa chini ya usawa wa vyuma vinavyoizunguka. Pitisheni ukucha kwenye kiungo cha bamba la kitako: ukinasa kwenye chuma, mbao ilipungua.

Kuhesabu, sisi hutumia njia ya mia. Nzima, namba zote zikilingana, mtutu mzuri, haijaguswa: 100. Bolti ya namba nyingine, toa 20 hadi 30. Kofia ya mdomoni au kilengeo visivyolingana, toa 5 kila kimoja. Mbao iliyopigwa msasa, toa 20 au zaidi. Chuma kilichopakwa weusi upya, toa 30. Mtutu wenye vishimo, toa 15. Iliyokatwa kuwa ya kuwindia haihesabiwi hivi: inaanzia 30, nayo inashuka kutoka hapo. Hii ni kanuni ya mkono tu, sheria siyo, lakini itawaepusha na yule wa milioni kumi.

Ile 100 yenyewe tunaipata wapi? Kwenye bei zilizolipwa minadani Uingereza na Marekani, si bei zinazoombwa. Mtu anaweza kuomba chochote. Tafuteni angalau mauzo matano ya aina hiyohiyo, kiwanda hichohicho na hali inayokaribiana, mtupe ya juu kabisa na ya chini kabisa, kisha mtafute wastani. Angalieni kama bei iliyotangazwa ina ada ya mnunuzi ndani yake, maana ada hiyo huweza kufika robo ya bei, na muuzaji naye hukatwa kamisheni. Mkishapata takwimu, kumbukeni kwamba hiyo ni dari. Bunduki iliyoko Masasi haijafika London: inahitaji kibali cha kutoka, kibali cha kuingia na msafirishaji anayekubali kubeba silaha. Mnunuzi wa hapa ni mtu mwenye leseni anayetaka kulinda shamba dhidi ya nguruwe, na yeye hatalipia alama ya mfalme. Ataangalia kama risasi za .303 zinapatikana na kama inapiga sawa. Kwake iliyokatwa ni nyepesi na inaweza kuwa bora kuliko kamili. Kwa hiyo mna bei mbili, na za watu wawili tofauti.

Tulikuwa tunachimba shimo la choo karibu na Mahiwa tukakuta bunduki imeoza, bolti imefungwa, na pembeni maganda ya risasi. Mnunuzi wa vyuma chakavu anaitaka kwa kilo. Tumuuzie au tusubiri mtu wa makumbusho? (Mtama)

Msimuuzie, na msiisogeze. Bolti iliyofungwa na kutu haiwaambii kama chemba ni tupu. Baruti ya kwenye ganda lililoziba vizuri hudumu miaka mingi sana, na fataki ya kitako cha risasi, kile kidude kinachowasha baruti, ndiyo inayotisha zaidi. Ajali hutokea pale mtu anapoigonga kwa nyundo ili ifunguke, anapoitia motoni ili kutu litoke, au pale mwenye vyuma chakavu anapoikata kwa grainda. Na palipo na bunduki ya Mahiwa panaweza kuwa na bomu la mkono au la mzinga hatua chache tu kutoka hapo. Simamisheni uchimbaji, zungushieni miti, mjulisheni mwenyekiti wa kijiji na kituo cha polisi. Serikali pia imekuwa ikitangaza vipindi vya kusalimisha silaha bila kushtakiwa, kama mwaka 2022, lakini kwa kitu kilichofukuliwa leo hamna haja ya kusubiri tangazo: aliyetoa taarifa siku hiyohiyo hana haja ya kujieleza.

Kuhusu fedha, bunduki iliyooza namna hiyo hata huko inakoruhusiwa kuuzwa hupata 5 hadi 10 kwenye ile mia yetu. Wanaonunua hununua kwa ajili ya mahali ilikotoka, na mahali pakishapotea hata hiyo 5 inatoweka. Ndiyo maana thamani halisi iko kwenye maelezo: kina cha shimo, kitu kilielekea wapi, maganda yalikaa upande gani. Chukueni picha mkiwa mbali, mkiweka jembe kando kama kipimo. Ganda lenye "VII", herufi ya kiwanda na tarakimu mbili za mwaka kwenye kitako ni la Kiingereza. Lililogawanywa robo nne, na "S67" kwenye robo mojawapo, ni la Kijerumani. Yasomwe na watu wa mabomu wakishamaliza kazi yao. Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam wapelekewe picha hizo baada ya polisi kuhakikisha usalama. Msiwapelekee bunduki kwenye basi.

Dalali mmoja wa hapa mjini anazungusha picha ya bunduki ya Mjerumani "Mod. 71" na anadai ni adimu duniani, ilipiga vita vya Majimaji, thamani yake ni kama nyumba. Je, ni kweli? (Lindi mjini)

Kwamba Mauser ya 1871 ilitumika huku, ni kweli. Hata vita vya 1914 vilipoanza, askari wengi wa Schutztruppe, jeshi la Wajerumani la makoloni, walikuwa bado wanaibeba, na baruti yake nyeusi ilitoa moshi mzito uliowaonyesha adui walipo. Adimu duniani, hapana. Zilitengenezwa zaidi ya milioni moja, Spandau, Amberg, Danzig, Erfurt, Oberndorf na hata Steyr huko Austria.

Kuitambua si kazi. Kaliba yake ni milimita 11, mdomo unakaribia kuingia kidole kidogo. Inapakiwa risasi mojamoja na haina magazini. Ile ndefu ya askari wa miguu ni milimita 1345 na uzito wa kilo nne na nusu. Haina kitemeo cha ganda: ukifungua bolti unaiinamisha ganda lidondoke. Kama ina bomba la risasi chini ya mtutu, hiyo ni 71/84, inachukua nane kwenye bomba.

Kinachoweza kuipandisha bei ni ushahidi kwamba bunduki hii hasa ilikuwa ya Schutztruppe wa Afrika Mashariki, na hapo ndipo ulaghai ulipo. Maneno ya dalali si ushahidi, wala ya mzee anayemsifu dalali. Ushahidi ni alama za kikosi zilizopigwa kiwandani au ghalani, hati ya zamani ya umiliki, au picha ya wakati ule inayoonyesha namba. Alama za kikoloni zinaghushiwa. Zikague kwa kioo cha kukuzia: herufi ya mwaka 1890 ina uchafu na rangi ileile ya chuma kilichoizunguka, na kingo zake zimelainika sawa na herufi jirani. Herufi ya juzi ina sakafu inayong'aa na kingo zilizoinuka kama zimevimba, au imekaa juu ya vishimo vya kutu, maana yake kutu lilitangulia na herufi ikafuata. "Makovu ya vita" na misumari ya shaba kwenye kitako yasikupumbaze. Hupigwa mchana mmoja tu.

Dalali anaweza pia kukuambia kwamba silaha za namna hii hazihitaji leseni. Amesikia sheria za nchi nyingine. Marekani bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake haihesabiwi silaha kwenye sheria ya taifa zima, na Uingereza kaliba hiyo ya milimita 11 iko kwenye orodha ya kaliba zilizopitwa na wakati. Tanzania hata gobole linahitaji leseni. Na mtu anayezungusha picha za silaha WhatsApp akitafuta mnunuzi, mkae naye mbali. Simu yako nayo ni ushahidi.

Mzee wetu aliwahi kumiliki kwa leseni Mauser ambayo juu ya chemba ina taji na herufi C na I zilizofungamana. Bolti yake inashuka mbele ya daraja la chuma, si nyuma kama Mauser nyingine. Ni ya nchi gani? (Newala)

Ureno. Ni Mauser-Vergueiro ya 1904. Herufi hizo ni za Mfalme Carlos wa Kwanza. Kaliba yake ni milimita 6.5 kwa 58, na ilitengenezwa na kiwanda cha DWM, Berlin. Kwenu Newala haishangazi: Wareno waliuteka mji huo mwaka 1916 na kutimuliwa Novemba mwaka huohuo, wakiacha silaha nyingi. Mwaka uliofuata, tarehe 25 Novemba, Wajerumani waliwashinda tena Negomano, kwenye makutano ya Lugenda na Ruvuma, na baada ya hapo askari wao wengi wakatembea na bunduki za Kireno.

Kwa mkusanyaji hii inavutia kuliko .303 ya kawaida, kwani zilitengenezwa chache na nyingi zilibadilishwa mitutu baadaye kuwa 7.92. Kwa hiyo kwanza jua kaliba, na usikubali kukisia kwa jicho. Fundi achukue umbo la chemba kwa salfa au madini laini ya kuyeyusha, apime. Risasi za 6.5 kwa 58 hazipatikani madukani, jambo ambalo kwa mnunuzi wa hapa ni kasoro na kwa mkusanyaji wa Lisbon si kitu. Taji likisagwa, kama ilivyofanyiwa Mauser nyingi duniani tawala zilipobadilika, toa 30.

Bunduki yetu ya leseni inashika kutu kila msimu. Nimejaribu ndimu na majivu, kutu linaondoka na kurudi. Kitako nilikipaka mafuta ya maganda ya korosho kuzuia mchwa. Nimeharibu? (Mikindani)

Kitako, ndiyo kwa kiasi. Mafuta ya maganda ya korosho ni dawa nzuri ya nguzo za nyumba, lakini huigeuza mbao nyeusi, huziba alama zilizopigwa juu yake, na huchubua ngozi ya anayeiweka shavuni. Usiongeze. Futa kwa kitambaa chenye spiriti nyepesi, mara nyingi kidogokidogo, usilowanishe. Msasa marufuku. Ikishakauka, mafuta ya kitani yaliyochemshwa, matone machache kwenye kiganja, sugua mpaka joto la mkono liyanyweshe, futa yote yaliyobaki, na uache siku moja kabla ya tone lingine.

Ndimu ni tindikali. Inakula kutu, na inakula pia weusi wa kiwandani ambao ndio wenye bei, halafu inaacha chuma kitupu kinachoshika kutu jipya usiku uleule kwa hewa ya bahari. Kuna njia isiyoondoa kitu. Kutu jekundu likichemshwa kwenye maji safi hugeuka kuwa jeusi gumu lisiloendelea kula. Vyuma vilivyotenganishwa na mbao vichemshwe kwa maji ya mvua, si ya kisima chenye chumvi wala ya bomba yenye klorini, dakika 20 hadi 30. Vikiwa bado na joto vikaushwe, unga mweusi uliolegea uondolewe kwa brashi laini ya waya au sufi ya chuma iliyo laini kabisa pamoja na mafuta, kisha vipakwe mafuta ya bunduki. Rudia mara mbili au tatu. Weusi unaobaki ni wa chuma chenyewe na haupunguzi bei kama rangi mpya inavyopunguza.

Ndani ya mtutu sababu ni nyingine. Risasi za zamani za kijeshi zina fataki inayoacha chumvi, na chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewa kama chumvi ya mezani inavyolowa wakati wa masika. Mafuta hayaiyeyushi. Maji huiyeyusha. Siku ileile ya kupiga, mimina maji ya moto kama nusu lita kutoka upande wa chemba yatokee mdomoni, kausha kwa vitambaa mpaka kitoke kikavu, ndipo utie mafuta. Ukitia mafuta bila maji umeifungia chumvi ndani.

Mafuta ya alizeti na ya nazi yaache jikoni. La alizeti hukauka likawa gundi, bolti ikakwama. Na usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi au kuizungushia kanga: vyote hufyonza unyevu na kuushikilia kwenye chuma. Isimame kwenye kabati la chuma lenye kufuli, mdomo ukiwa chini usiku ule wa kwanza ili mafuta ya ziada yasishukie kwenye mbao.

Nimepewa bei ya .303 fupi yenye tarumbeta ya chuma mdomoni na raba kwenye kitako, wanaiita ya msituni. Muuzaji ana karatasi zote. Nitajuaje kuwa ni halisi? (Tandahimba)

Ya halisi inaitwa No. 5, ilitengenezwa kati ya 1944 na 1947, na kwa kuwa inapendwa, wengi wamekata No. 4 ya kawaida wakaivisha tarumbeta. Angalia vitu vinne. Ubavuni kushoto pawe na maandishi No. 5 Mk I, siyo No. 4 yaliyochongwa juu yake. Kilengeo cha nyuma kiishie yadi 800, cha No. 4 kinafika yadi 1300. Kirungu cha mkono wa bolti kiwe kimetobolewa katikati kupunguza uzito. Na ukiinua mbao, mtutu karibu na chemba na mwili wa bunduki viwe vimechongwa vishimo na bapa za kupunguza uzito. Hili la mwisho waghushi hawahangaiki nalo kwa sababu halionekani. Uzito wake uwe kama kilo 3.2. Ikishindwa hata kipimo kimoja, uilipie kama No. 4 iliyokatwa.

Kichwa cha bolti kina tarakimu, 0 hadi 3, kinachoonyesha urefu. Ukikuta 3, muulize fundi kwa nini ilihitajika. Na popote utakapoona herufi DP, iwe kwenye mbao au kwenye chuma, bunduki hiyo ilitengwa kwa gwaride tu. Haipigwi.

Mbao ya mbele ya bunduki yetu iliwekwa na fundi wa kijijini, ni mninga. Inapunguza? (Ruangwa)

Mnadani inapunguza kama kipande chochote kisicho chake, tuseme 20, kwani za Kiingereza na za Kijerumani kwa kawaida zilikuwa za mwalnuti, na za Kijerumani kuanzia 1917 pia mti wa biki. Lakini usiitoe. Kazi nzuri ya mninga inashika umbo kwenye unyevu wa pwani, na haina maana kununua mbao ya Ulaya kwa bei inayokaribia ya bunduki nzima. Kama kipande cha asili kilichovunjika bado kipo darini, kiuzwe pamoja nayo. Mpingo tu ndio tunaoukataa: mzito, na hupasuka kwenye mshindo.

Ni kweli bunduki za Mjerumani zina zebaki ndani? (Kilwa Masoko)

Hakuna chumba cha zebaki kwenye bunduki hizo. Fataki za zamani zilikuwa na chembe za kampaundi ya zebaki, kiasi kidogo sana, nayo inalipuka. Anayekuambia ukate kitako uitafute amekwisha kula pesa ya mtu mwingine.

Tunataka mtathmini wa nje atuambie bei kwa picha. Tupige zipi? Na risasi sita za zamani zilizokuwa nayo zitaongeza bei? (Liwale)

Bunduki ipigwe picha mbele ya mwenye leseni, bolti wazi, magazini imetolewa, juu ya shuka la rangi moja, mchana kivulini bila mwanga wa kamera. Pande zote mbili kwa urefu wote. Kiungo cha kitako kulia na kushoto. Juu ya chemba. Kila namba kwa karibu, na rula kando. Mdomo wa mtutu ukitazamwa moja kwa moja. Bamba la kitako. Kidude cha shaba cha duara kwenye kitako kama kipo, maana ndicho chenye jina la kikosi. Na kila kasoro bila kuficha. Namba mtumieni mtathmini peke yake, si kwenye kundi. Kama ni ya Kijerumani, isomeni pamoja na herufi ndogo inayoifuata: viwanda vilihesabu mpaka elfu kumi, vikaongeza a, vikaanza upya, kwa hiyo namba ndogo pekee haimaanishi bunduki ya kwanza.

Risasi hazifuatani na bunduki. Zinahitaji ruhusa yake, na risasi za umri huo zenye ganda lililopasuka shingoni au unga wa kijani kwenye kitako hazina bei na hazifai kubebwa. Ziacheni zilipo, mwiteni polisi wa kituo cha karibu azichukue, na aandike kwenye kitabu kwamba zilikuwa sita.